Mistari Mitatu na Muhuri

Abiria wa kwanza kuniwekea pesa mapajani alikuwa mwanamke wa makamo aliyeshuka kwenye basi la Mtwara kununua vitumbua. Alinunua vitatu, akamlipa mama yangu, kisha akazunguka meza, akaweka sarafu juu ya kitabu nilichokuwa nasoma, akasema, "Mungu akufanyie wepesi," akarudi kwenye basi. Ilikuwa Ijumaa. Niliitia ile sarafu kwenye bakuli la chenji, nikarudi kwenye ukurasa wangu. Baada ya muda niligundua kwamba nausoma mstari uleule.

Kibanda cha mama kiko Nangurukuru, pale barabara ya kwenda Kilwa Masoko inapoachana na barabara kuu. Mabasi husimama, watu hushuka kujinyoosha, wananunua chai, vitumbua, samaki wa kukaanga, wanaondoka. Kiti changu cha magurudumu hukaa kati ya jiko la mkaa na nguzo ya kibanda. Pale chini pana saruji, kwa hiyo magurudumu hayazami mchangani, na pale ndipo simu inaposhika mtandao vizuri. Moshi wa jiko ukigeuka unanipata mimi kwanza.

Kabla ya hapo nilikuwa Kipatimu, kule milimani, nikijitolea kufundisha historia na uraia katika shule ya sekondari. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya sosholojia na sina kazi. Mwalimu mkuu alikuwa na madarasa yasiyo na mwalimu. Tukasaidiana. Siku moja baada ya mvua, nikiwa nyuma ya bodaboda tunashuka mteremko, tairi la nyuma liliteleza. Dereva aliinuka, akajipangusa magoti. Mimi sikuinuka. Hospitalini daktari alinichorea uti wa mgongo kwa kalamu nyuma ya karatasi ya dawa, akaweka alama ya msalaba mahali palipoharibika. Nilimwuliza maswali mengi hadi akaniuliza kama nasomea udaktari.

Watu hutaka kujua kama nililia. Sikumbuki kulia. Ganzi ilianzia kiunoni ikashuka miguuni, halafu, kwa namna ambayo hata daktari sikumwuliza, ikapanda juu pia. Nilikuwa nakula, nalala, najibu salamu. Mama alifanya alichoweza. Walikuja watu nyumbani, wakasoma dua, tukala pilau, wakaondoka.

"Mama," nilimwuliza kesho yake tukiwa kibandani, "dua isipokubaliwa, tunajuaje kama imekataliwa au imecheleweshwa?"

"Koroga unga."

"Nauliza tu."

"Na mimi nakujibu tu. Koroga unga."

Nikakoroga unga.

Mwalimu mkuu wa Kipatimu alikuja kunitazama mara moja tu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema jambo ambalo nalikumbuka kwa sababu halikuwa pole. "Ungekuwa na stashahada ya ualimu ningekuombea nafasi. Shahada yako peke yake haitoshi, hawataajiri mtu asiyesomea kufundisha. Ukiipata, nitafute." Alisema hivyo huku anaitazama miguu yangu chini ya shuka, lakini alisema. Alipoondoka nilibaki na sentensi ile kama mtu aliyeachiwa mzigo autunze.

Sijui kama nina wito. Siamini sana habari za wito, kwa kuwa wanaozungumzia wito wa ualimu mara nyingi hawafundishi. Nilichokuwa nakikosa ni kitu kidogo zaidi. Darasani kwangu Kipatimu kulikuwa na msichana mmoja wa mstari wa nyuma ambaye kila nikisema jambo aliinua mkono kunibishia. Kila mara. Alikuwa na hoja mbovu na sauti kubwa, na nilikuwa nakwenda nyumbani nikimfikiria. Tangu nianze kukaa kwenye kiti hiki, hakuna aliyenibishia. Nikisema jua ni kali, watu wanasema ni kali kweli. Nikisema leo kuna baridi, wanasema ndiyo, kuna kijibaridi. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka mingi bila kugusana na mtu.

Kutafuta kozi kulianza kama njia ya kuupitisha mchana. Nilinunua bando la bei rahisi, nikaanza kufungua kurasa moja baada ya nyingine. Kozi za vyuo vya nje zilikuwa nzuri na masomo yenyewe yalikuwa bure kweli, lakini cheti kililipiwa kwa kadi ya benki na kwa dola, na hata ningekipata, hapa kwetu kisingenipa darasa. Nilisoma moja mpaka mwisho, juu ya namna ya kupanga somo, na nikaifaulu. Hakuna aliyejua isipokuwa simu yangu.

Kulikuwa na chuo kingine kilichojitangaza kuwa kinapokea "wenye mahitaji maalumu kwa upendo." Ada yake ilikuwa ndogo mno, na picha ya jengo lake ilikuwa na theluji juu ya paa. Nilipiga namba iliyoandikwa pale. Mwanamume aliyepokea akanitaka nitume pesa ya usajili kwenye namba ileile niliyoipigia.

"Naweza kuongea na mkuu wa chuo?" nikauliza.

"Ndiye mimi."

"Na mhasibu?"

"Mhasibu pia unaweza kuongea na mimi."

Nilikata simu. Mama akaniuliza nacheka nini, ndipo nikajua nacheka.

Mwishowe nikapata chuo cha kweli, kinachofundisha kwa masafa, chenye kituo Lindi mjini. Masomo yanatumwa kwenye simu au kompyuta, mwanafunzi anasoma alipo, mitihani anakwenda kuifanyia kituoni. Walikuwa na stashahada ya uzamili ya ualimu, hiyohiyo niliyoihitaji. Ada ilikuwa juu ya uwezo wetu. Baba yuko Mitole na mikorosho yake, na alipoulizwa alituma jibu kwamba tusubiri mnada wa korosho. Mnada ungefika baada ya dirisha la maombi kufungwa. Lakini chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, palikuwa na habari ya msamaha: mwanafunzi mwenye ulemavu aweza kusamehewa nusu ya ada. Nusu iliyobaki tungeiweza kwa mafungu. Bila msamaha ule, hakuna kozi. Nilipiga simu kituoni siku hiyohiyo.

Aliyepokea alikuwa afisa wa udahili, mtu wa sauti ya taratibu. Alinieleza nyaraka zinazotakiwa. Nikamwuliza kama kituo chao kina ngazi.

"Ngazi chache tu, dada."

"Chache ngapi?"

"Subiri," akasema. Nikasikia simu inawekwa mezani, viatu vikienda mbali, kimya, viatu vikirudi.

"Saba," akasema, akihema kidogo. "Nimepita pale miaka yote hii sijawahi kuzihesabu."

"Basi hiyo si kozi ya masafa. Ni kozi ya ngazi saba."

"Hapana, dada, hapo unakosea," akasema. "Ngazi utakutana nazo siku ya mtihani tu. Siku nyingine zote ni masafa."

Alinibishia. Nilikaa na simu sikioni baada ya yeye kukata.

Nyaraka zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa fomu ya hospitali, na hiyo niliipata bila shida. Ya pili ilikuwa barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji. Mama alinisukuma hadi ofisini kwake. Ofisi ile ina vidaraja viwili vya kupandia mlangoni, kwa hiyo mtendaji alitoka nje tukaongelea barazani. Ni mtu mzima, mnene kiasi, anayenunua vitumbua kwa mama kila asubuhi, na zamani nikiwa chuo alikuwa akiniita "msomi" kwa kejeli kidogo. Sasa aliniita mwanangu.

"Usihangaike, mwanangu. Nitakuandikia barua nzuri."

Aliingia ndani. Alipotoka, barua ilikuwa tayari ndani ya bahasha, imegandishwa kwa gundi, na muhuri umepigwa kwenye mfuniko ili isifunguliwe njiani. Ndivyo ilivyo kwetu. Barua inayokuhusu unaibeba lakini huisomi. Anayekuandikia anajua, anayepokea atajua, wewe ni mbebaji.

"Nimeiandika vizuri sana," akasema. "Wakiisoma wale watalia."

Mimi hujivunia kwamba nahoji kila kitu. Niliwahi kumwuliza imamu swali mpaka akaangalia saa. Lakini bahasha ile sikuifungua, wala sikumwuliza mtendaji ameandika nini. Nilisema ahsante. Niliandika namba ya simu ya kituo juu yake, mama akampa konda wa basi la Lindi pamoja na fomu ya hospitali, na ikaenda.

Siku zilipita. Abiria walishuka, wakanunua, baadhi yao waliniwekea sarafu, hasa Ijumaa. Mwanzoni mama alikuwa akiwarudishia. "Huyu ni mwanangu, anasoma," aliwaambia, na wao walitikisa kichwa kwa huruma zaidi. Baadaye akaacha kurudisha. Sikumlaumu. Kumweleza mtu anayekimbilia basi ni kazi.

Jumatano moja simu iliita. Alikuwa afisa wa udahili.

"Dada, nina faili lako mbele yangu. Kuna tatizo kwenye barua ya kijiji."

"Haina muhuri?"

"Muhuri uko. Ngoja nikusomee." Akasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu asichotaka kukisoma. "Mtajwa hapo juu ni mlemavu, hajiwezi kwa lolote, hawezi kufanya shughuli yoyote ya kichwa wala ya mikono, na anategemea msaada wa wasamaria wema kwa kila kitu."

Mama alikuwa anageuza vitumbua. Mafuta yalikuwa yanachemka.

"Upo, dada?"

"Nipo."

"Sasa kamati inauliza. Tutampaje masomo mtu asiyeweza shughuli ya kichwa? Wamependekeza uelekezwe kwenye kituo cha ufundi wa mikono, lakini na hilo barua inasema huwezi."

"Mtu huyo ni mimi. Unaongea naye."

"Nimekuelewa. Lakini mimi siwapelekei kamati sauti yako. Nawapelekea faili." Nikamsikia akifunua karatasi. "Nikipata barua nyingine kabla sijaenda kuswali Ijumaa, nitaibadilisha. Piga picha vizuri utume kwa simu, halisi itafuata kwa basi. Nikirudi kutoka msikitini faili zinarudi kwa kamati. Baada ya hapo ni mwaka ujao."

Nilimshukuru. Nilitafuta hasira ndani yangu, kama mtu anavyotafuta funguo mfukoni, nikakuta mfuko mtupu. Mama alipouliza nilimwambia barua ina makosa. Akauliza makosa gani. Nikasema makosa ya kuandika.

Alhamisi mtendaji hakuwepo. Alikwenda kwenye kikao cha korosho. Ijumaa asubuhi tulimkuta anafungua mlango. Mama aliniacha barazani akarudi kwa wateja wake.

"Shikamoo, mtendaji."

"Marahaba, mwanangu. Vipi, wameshakupa?"

"Wamekataa."

"Wamekataa? Kwa barua ile?"

"Kwa sababu ya barua ile."

Akakaa kwenye kidaraja cha juu, funguo mkononi. Nilimwambia nilichosomewa kwenye simu. Alikuwa akiitikia kila sentensi, kama mtu anayesikia shairi lake.

"Sasa kosa liko wapi?" akauliza. "Yule mzee asiyeona wa kule bondeni, si alipata mabati? Barua hiyohiyo. Yule mama wa mapacha, si alipata magodoro? Hiyohiyo. Nabadilisha jina tu."

"Wao waliomba mabati na magodoro."

"Na wewe unaomba."

"Naomba kusoma, mtendaji."

"Kuomba ni kuomba. Nenda kwa mtu umwombe, halafu umwambie unaweza. Atakwambia, haya, kama unaweza, nenda ukafanye. Mimi nimeandika barua hizi tangu hujazaliwa. Mwenye kutoa anataka kuona shida. Usipomwonyesha shida unamkosea adabu."

Hoja yake haikuwa mbovu. Nilikumbuka watu wote waliopata mabati, na nikamfikiria mzee asiyeona, ambaye ana akili kuliko wengi wetu na huenda naye hakujua ameandikwa hawezi shughuli ya kichwa. Au alijua, akataka mabati. Kitu fulani kilisogea ndani yangu, kidogo tu. Mtendaji alikuwa ananibishia.

"Andika ukweli basi," nikasema.

"Ukweli upi? Kwani kiti hicho si ukweli?"

"Ni ukweli. Andika kiti. Halafu andika kwamba nasoma."

"Mimi sijakuona ukisoma."

"Kila asubuhi unanunua vitumbua. Unanikuta nimeshika nini?"

"Kitabu."

"Nakifanyaje?"

"Labda unajipepea moshi." Akacheka peke yake, kisha akaona na mimi nimecheka, akacheka tena. "Msomi wewe. Haya. Nakuletea karatasi, andika mwenyewe, mimi natia sahihi. Wakikunyima usije kunilaumu hapa."

Akaniletea karatasi yenye kichwa cha ofisi na daftari la kuwekea chini. Niliandika mapajani, polepole. Nilikuwa na mengi ya kusema na nikayaacha. Mwishowe ikawa mistari mitatu. Mtajwa hapo juu ni mkazi wa kijiji hiki na anatumia kiti cha magurudumu. Ana shahada ya chuo kikuu na amewahi kufundisha sekondari. Anasoma na kuandika, na barua hii ameiandika yeye mwenyewe.

Mtendaji aliisoma mara mbili. "Kavu," akasema. "Haina hata chumvi."

"Ndivyo ninavyoitaka."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani, kwa sababu muhuri hukaa kwenye droo. Alikaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kupiga muhuri. Alipotoka alikuwa ameikunja mara tatu. Nilimwomba asiigandishe bahasha, akakubali. Kisha akafunga ofisi. Alikuwa anakwenda kuoga kwa ajili ya swala, na baada ya swala ana safari ya Masoko. Aliniwekea bahasha mapajani, akaniombea kheri.

Mama alikuja, akanivusha barabara hadi kwenye duka la steshenari. Mwenye duka ni dada mmoja mchangamfu, amekaa Dar miaka kadhaa, lafudhi ya huko bado iko naye. Duka lake halina kidaraja, nilimpendea hilo. Niliikunjua barua mbele yake ili aiskani.

Chini ya mistari yangu mitatu, kwa mwandiko mwingine, wa kulalia kushoto, palikuwa na mstari wa nne: Ni mtoto wetu huyu, tunaomba mumhurumie.

Dada wa duka aliusoma kwa sauti. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza, "Ndiyo barua yenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona maneno mazuri."

Niliitazama karatasi. Hakuna kitu nilichokuwa nimemwomba mtendaji zaidi ya ukweli bila kuniombea huruma, na labda sikumwomba vizuri. Saa ukutani ilikuwa imekaribia saa sita.

"Tukate hapa chini?" dada akauliza. Akaweka rula juu ya karatasi, kisha akaiondoa. "Hapana, muhuri utakatika."

Muhuri wa kijiji haupigwi pembeni. Unapigwa juu ya maneno ya mwisho, wino wake uingie ndani ya maandishi, ili mtu asije akaongeza neno baadaye. Mtendaji alikuwa ameongeza neno lake, kisha akalifungia ndani kwa muhuri, kama sheria inavyotaka. Duara la bluu lilikuwa nusu juu ya sahihi yake, nusu juu ya mumhurumie.

"Basi naufuta kwa kompyuta," akasema dada. "Fasta tu. Nausafisha mstari, muhuri nauacha. Watu wananiletea hapa mambo makubwa kuliko hili. Hakuna atakayejua, dada yangu."

"Mstari hautaonekana hata kidogo?"

"Mimi nikifuta hauonekani."

Mama hakuelewa tunazungumzia nini, au alielewa akanyamaza. Nilimwambia dada anipe dakika moja. Nilijiuliza kwanza kama mstari ule ni uongo. Ni mtoto wetu huyu. Nilizaliwa Mitole, nikakulia hapa, ni kweli. Ingawa nilipokuwa natembea sikumbuki mtu kuniita mtoto wetu, nilikuwa mtoto wa fulani, msomi, binti anayejibu wakubwa. Nikawa mtoto wao baada ya kuanguka. Tunaomba. Ni kweli, aliomba. Mumhurumie. Hapo nilikwama. Nilitafuta kama naichukia ile huruma, na sikupata uhakika. Nilijua tu kwamba sikutaka iingie kwenye faili langu, na kwamba mtu aliyeiandika alikaa ndani muda wote ule, labda akijizuia, akashindwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Ningeufuta mstari, barua ingekuwa ya kwangu yote, lakini muhuri ungekuwa wa uongo, na halisi ingefuata kwa basi ikiwa bado na mstari wake. Nilifundisha uraia. Kulikuwa na mada nzima juu ya nyaraka za serikali, na yule msichana wa mstari wa nyuma alinibishia mada nzima. Alisema karatasi ikiwa haina maana, kuibadilisha si dhambi. Nilimjibu nini? Nilimjibu kitu cha kwenye kitabu.

"Tuma ilivyo," nikasema.

"Una uhakika?"

"Sina. Tuma."

Akaiskani, akatuma. Ikaandika imefika. Afisa wa udahili akajibu kwa neno moja, nimepata, na muda si mrefu adhana ikaanza. Mama alisukuma kiti kurudi kibandani. Halisi tulimpa konda wa basi la mchana.

Wiki zilizofuata sikutarajia wala sikuogopa. Niliendelea kusoma masomo ya bure ya simu, nikafaulu lingine, juu ya kuuliza maswali darasani. Mtendaji alikuja kila asubuhi kununua vitumbua. Sikumwuliza juu ya mstari wa nne, naye hakuutaja. Siku moja aliuliza, "Kimya bado?" Nikasema, "Kimya." Akaongeza kitumbua kimoja kwenye karatasi yake, akalipa, akaenda. Kila alipogeuka kuondoka nilikuwa na swali mdomoni, na kila mara nililimeza. Nadhani nilijua angejibu nini. Angesema, kwani si kweli?

Ujumbe ulikuja asubuhi, mama akiwa na wateja wengi. Ombi la msamaha wa ada limekubaliwa. Fika au wasiliana na kituo kwa maelekezo ya usajili. Nilisoma mara tatu nikitafuta sababu. Haikuwepo. Nikapiga simu kituoni.

"Hongera, dada," akasema afisa wa udahili.

"Ahsante. Nina swali."

"Nilijua."

"Kamati iliangalia nini? Mistari ile mitatu, au ule wa chini?"

Nikasubiri, kama siku ile alipokwenda kuhesabu. Lakini safari hii sikusikia viatu.

"Kamati haiandiki sababu. Inaandika imekubaliwa au imekataliwa."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Mimi napeleka tu faili. Nilisikia mmoja akisema mwandiko ni mzuri."

"Upi? Kuna miandiko miwili."

"Hakusema, dada." Nilimsikia anapumua, pengine anatabasamu. "Umekubaliwa. Sasa unataka nini tena?"

Sikujua. Kila nikijaribu kuitoa barua ile akilini na kuigawa, mistari yangu huku na wa mtendaji kule, muhuri unabaki umekalia pote.

"Na ngazi?" nikauliza.

"Bado saba."

"Siku ya mtihani nitaingiaje?"

"Hilo sijui," akasema. "Andika barua."

Nilikata simu. Mama aliuliza wamesemaje. Nikamwambia wamekubali. Akasema alhamdulillahi, akafuta mikono kwenye kanga, kisha akanitaka nisogee kidogo kwa sababu moshi umegeuka. Nilisogea. Basi la Mtwara lilikuwa limeingia, watu wanashuka. Mwanamume mmoja aliyevaa kanzu alimaliza kulipa, akanitazama, akaanza kuingiza mkono mfukoni. Nilichukua karatasi ya kufungia vitumbua, nikaigeuza upande usio na mafuta, nikaanza kuandika: Kwa Mratibu wa Kituo, kuhusu ngazi saba.